Mkanda wa jeshi hauzunguki mwili! Uzi wa ugwe wa mgongo na neva zake, karibuni

Fizio_wa_Tudor

Assalam aleykum na habari zenu nyote. Nafungua uzi huu manake kule kwingine mambo yashakuwa vurugu, dada wa watu kauliza tu kuhusu mkanda wa jeshi wa mamake, mara wakaja watu kumtisha ati ncha mbili zikikutana mtu hufa, mwingine akasema huyo kakojolewa na buibui usiku, mwingine kamwambia apake wino. Masikini hata hakurudi tena. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia hapa hapa Mombasa, migongo ya watu ndiyo inayonilisha, basi nipeni nafasi nieleze taratibu neva za mgongo, yaani mishipa ya fahamu, zilivyopangwa halafu mtaona wenyewe kwa nini ule upele hukaa upande mmoja, na kwa nini mara nyingi panapouma sipo penye kasoro. Hilo la mwisho ndilo hasa ninalotaka liwaingie, mengine ni njia tu ya kufika.

Tuanze na mfupa. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ina tundu, na matundu yote yakilingana unapata mfereji. Ndani ya mfereji ndimo unamopita ugwe wenyewe, unashuka kutoka kwenye ubongo, umevikwa ngozi tatu na unaelea kwenye maji. Wengi wanadhani unafika mpaka chini kwenye kifandugu. Haufiki. Kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, L1 au L2. Urefu wake kama sentimita 45 kwa mwanamume, kwa mwanamke unapungua kidogo, upana sentimita moja na kitu, uzito gramu 35 hivi. Gramu 35 jamani! Na karibu kila ulichowahi kukanyaga, kushika au kuunguzwa nacho kuanzia shingo kwenda chini habari yake ilipita hapo.

Kwa nini haufiki chini, ni kwa sababu mifupa hukua haraka kuliko ugwe. Mimba ikiwa na miezi mitatu ugwe umejaa mfereji mzima, mtoto anapozaliwa mwisho wake uko kama L3, akikua unabaki juu zaidi. Lakini neva za chini bado zina matundu yake ya kutokea kule kule chini, kwa hivyo inabidi zishuke safari ndefu ndani ya mfereji kabla ya kutoka, na lile fungu lao wataalamu waliliita mkia wa farasi. Likumbukeni, tutalirudia.

Sasa neva zenyewe. Ni jozi 31, kila jozi moja kulia moja kushoto: 8 za shingo (huandikwa C), 12 za kifua (T), 5 za kiuno (L), 5 za sakramu (S), ule mfupa ulioungana juu ya makalio, na 1 ya kifandugu. Kila neva inaanza na mizizi miwili. Mzizi wa nyuma unaleta habari ndani, joto, baridi, maumivu, mguso. Mzizi wa mbele unatoa amri kwa misuli. Charles Bell wa Uingereza aliandika juu ya mizizi ya mbele mwaka 1811, François Magendie wa Ufaransa akaonyesha kazi ya yote miwili mwaka 1822, wakagombania nani wa kwanza mpaka ikabidi sheria hiyo ibebe majina ya wote wawili. Mizizi hiyo ikikutana kwenye kitundu baina ya pingili mbili ndipo inakuwa neva moja, na hiyo neva kamili ni fupi ajabu, sentimita moja hivi, papo hapo inagawanyika, tawi dogo linarudi kwa misuli na ngozi ya mgongo, tawi kubwa linakuja mbele kifuani, tumboni, mikononi, miguuni.

Na kila neva ina ukanda wake wa ngozi. Usawa wa chuchu ni T4. Kitovu ni T10. Dole gumba la mkono ni C6, kidole cha kati C7, cha mwisho C8. Dole gumba la mguu L5, kidole kidogo cha mguu S1. Na pale unapokalia ukipanda baiskeli ni S3 mpaka S5.

Haya, mkanda wa jeshi. Kwenye mzizi wa nyuma kuna kifundo kidogo ndimo zinamokaa seli za hisia. Ukishaumwa tetekuwanga utotoni virusi haviondoki, vinajificha ndani ya vifundo hivyo kimya miaka 30, 40, 60. Kinga ikishuka kwa uzee au maradhi au dawa fulani, virusi vya kifundo kimoja vinaamka vinasafiri na neva ile ile moja mpaka kwenye ngozi, na ukanda wa neva hiyo unaanzia mgongoni unazunguka ubavu mpaka katikati ya kifua au tumbo na hapo mwisho, upande wa pili ni wa neva nyingine yenye kifundo kingine. Kwa hivyo hiyo ncha ya pili inayongojwa ikutane na mwenzake haiko safarini. Mtu ambaye kinga yake iko chini sana anaweza kutokwa mwili mzima, huyo ni wa hospitali moja kwa moja, lakini hatari yake ni hiyo kinga, si kwamba mkanda umefunga.

La kufanya: wahi. Dawa za virusi kama asiklovia zinafanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Ukitokea karibu na jicho ni siku hiyo hiyo, usilale nao. Na mara nyingi maumivu hutangulia upele kwa siku kadhaa, ndipo unamkuta mtu anatibiwa figo au anaambiwa ni moyo, kumbe neva.

Mzee_Kahawa_Tungu

Sabalkheri mwanangu. Umeeleza vizuri lakini mimi umri huu nimeona watu, na nimemuona jirani yetu Mji wa Kale mkanda umemzunguka na akafa. Sasa huyo utasemaje

Fizio_wa_Tudor

Sabalkheri mzee wangu, Mungu amrehemu. Sitabisha ulichokiona kwa macho yako. Nitakachosema ni kwamba mtu ambaye mwili wake umefikia hali ya kutokwa pande zote mbili huwa tayari anaumwa na kitu kikubwa zaidi, na hicho ndicho huua. Ndiyo maana kijana akipata mkanda daktari humwomba apime virusi vya UKIMWI na sukari, watu wanachukia wanaona wanatuhumiwa, wala si tuhuma, anatafuta ni nini kimevifungulia virusi mlango. Mzee wa miaka 70 hahitaji sababu nyingine, umri unatosha.

Bi_Mwanaisha_K

Na je unaambukiza? Nina mjukuu mchanga nyumbani na dadangu ndiye anaumwa

Fizio_wa_Tudor

Bi Mwanaisha, mkanda wenyewe hauambukizi mkanda. Lakini maji ya yale malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuumwa. Kwa hivyo mchanga na mjamzito wakae mbali mpaka vikauke viwe magamba, na dada yako afunike kwa nguo safi. Mwarubaini sijui niseme nini, najua mtaupaka tu, ila usipake kitu chochote juu ya lengelenge lililopasuka tafadhali.

Mwanafunzi_Makadara

Mimi niko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, leo nimefurahi sana. Maswali mawili. Moja, pingili za shingo ni 7, mbona neva 8? Tulikaririshwa tu. Mbili, nani alikaa akachora hizi kanda za ngozi, alijuaje?

Fizio_wa_Tudor

La kwanza ni hesabu ya mahali pa kutokea. Neva ya C1 inatoka juu ya pingili ya kwanza, chini ya fuvu. C2 juu ya pingili ya pili, hivyo hivyo mpaka C7 juu ya pingili ya saba. Sasa chini ya pingili ya saba kabla hujafika pingili ya kwanza ya kifua kuna kitundu kimebaki, hicho ndicho cha C8. Kuanzia hapo neva zote zinatoka chini ya pingili zenye jina lake. Mtihani ukija usisahau kwamba kuanzia kifuani mambo yamegeuka, hapo ndipo watu huanguka.

La pili ndilo tamu. Kulikuwa na daktari Henry Head, Mwingereza, alifuatilia wagonjwa wa mkanda wa jeshi akichora upele umekaa wapi, na wale waliofariki yeye na mwenzake Campbell wakatazama ni kifundo gani kimeharibika, wakachapisha mwaka 1900. Yaani upele wenyewe ulikuwa unamchorea ramani. Halafu huyo huyo Head mwaka 1903 akaona wagonjwa hawamwelezi hisia zao kama anavyotaka, akamwomba daktari wa upasuaji amkate neva ya ngozi kwenye mkono wake mwenyewe, ikaungwa tena, na yeye na rafiki yake Rivers wakakaa miaka wakipima hisia zinavyorudi moja moja. Mimi na mapenzi yangu yote ya kazi hii singekubali.

Ila usichukue ramani kama mipaka ya kaunti. Kanda zinapandana, ukikata neva moja ya kifua huenda mtu asihisi ganzi hata kidogo manake jirani wa juu na wa chini wanaziba pengo.

Tuktuk_ya_Nyali

Boss mimi vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi mkono wa kulia, hicho kidogo na nusu ya kinachofuata. Niliambiwa ni shingo nikauziwa kola nivae. Hiyo si C8 uliyosema?

Fizio_wa_Tudor

Skia bwanangu, umesema "nusu ya kinachofuata" na hilo neno limenifaa sana. Neva za mkono, kuanzia C5 mpaka T1, zikitoka shingoni haziendi moja kwa moja, zinapita chini ya mfupa wa mtulinga na huko zinasukwa, zinaingiliana zinaachana zinakutana tena kama miyaa kwenye ukili, na zinapotoka upande wa pili zinakuwa neva mpya zenye majina mengine, kila moja imechanganya nyuzi za mizizi kadhaa. Kwa hivyo ganzi ya mzizi na ganzi ya neva ya mkono zina michoro tofauti. Kasoro ikiwa ni mzizi wa C8 pale shingoni, ganzi haikati kidole cha pete katikati, na mara nyingi inapanda mpaka mkono wa mbele upande wa ndani. Ikiwa ni neva ya alna, ile unayoigonga kwenye kiwiko ukaona nyota, basi kidole cha pete huwa nusu kizima nusu ganzi.

Sasa niambie ukweli, ukiendesha kiwiko unakiweka wapi?

Tuktuk_ya_Nyali

Hahaha. Cha kulia nakiegemeza pembeni kwenye chuma nikingoja abiria, siku nzima

Fizio_wa_Tudor

Basi anza hapo. Toa kiwiko kwenye chuma, usilale umekikunja, na usipoona nafuu nenda ukapimwe neva yenyewe. Misuli baina ya dole gumba na kidole cha shahada ikianza kubonyea usingoje tena. Hiyo kola weka kabatini.

Mama_wa_Bamburi

Mimi naomba kuuliza la sindano ya mgongo. Nilipasuliwa nikijifungua kwa mtoto wangu wa mwisho, tangu siku hiyo mgongo hauna raha, nikiinama kufua sinyanyuki. Na wenzangu wote wanasema hivyo hivyo, sindano ile inaharibu ugwe. Kuna mmoja alikataa kabisa akataka alazwe usingizi

Fizio_wa_Tudor

Mamangu, pole. Hapa ndipo lile la ugwe kuishia L1 au L2 linapofaa. Sindano ya ganzi ya opereshini hupigwa baina ya L3 na L4 au L4 na L5, chini ya mwisho wa ugwe. Pale hakuna ugwe wa kuchomwa, kuna ule mkia wa farasi, nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji, na nyuzi hizo sindano ikija mara nyingi husogea. Ndiyo maana wanakwambia ukunje mgongo, matundu yafunguke, na wanapapasa kilele cha mfupa wa nyonga kila upande, mstari unaounganisha vilele hivyo unapita karibu na L4.

Halafu, sijui mliwahi kujiuliza, mkato uko chini kabisa karibu na kinena lakini daktari wa usingizi anakugusa na kitu baridi akipanda mpaka usawa wa chuchu, T4. Kwa nini juu hivyo wakati ngozi ya pale ni ya T12 na L1? Kwa sababu ngozi ya tumbo ni jambo moja, na utando wa ndani na viungo ni jambo jingine, hisia zake zinaingia kwenye ugwe juu zaidi. Ganzi ikiishia kitovuni utahisi wakivuta ndani.

Kidonda cha sindano chenyewe kinaweza kuuma siku chache. Maumivu ya kichwa pia ni kweli yapo, yale ya ukikaa kichwa kinapasuka ukilala kinatulia, ni maji yanavuja pale palipotobolewa. Ya zamani hayo, tangu ya kwanza kabisa. August Bier, Mjerumani, mwaka 1898 yeye na msaidizi wake walijaribiana hii ganzi wao kwa wao, kwa kokeini, msaidizi akagongwa nyundo ya chuma kwenye muundi na kuchomwa na sigara kuona kama anahisi, hakuhisi, wakafurahi, kesho yake kila mmoja kichwa kinamuua. Siku hizi sindano ni nyembamba sana na imepungua mno.

Lakini maumivu ya mgongo ya miaka na miaka, utafiti ukilinganisha waliochomwa na wasiochomwa hauoni tofauti. Mimba yenyewe inalegeza kano za nyonga, misuli ya tumbo imenyooshwa miezi tisa na ikiwa umepasuliwa imeumia pia, halafu unarudi nyumbani unabeba mtoto upande mmoja na ndoo upande wa pili na unafua umeinama. Mgongo wako una haki ya kulalamika ila sindano inasingiziwa. Nikuandikie mazoezi?

Mama_wa_Bamburi

Niandikie mwanangu. Bado sijakubali sana ila niandikie

Hamali_Marikiti

Kaka mimi kazi ni gunia, marikiti na Kongowea. Miezi sasa mguu wa kushoto unaniuma kuanzia tako unashuka nyuma ya paja, nyuma ya shavu la mguu mpaka kidole kidogo, umeme umeme hivi. Nimepiga eksirei ya mguu mzima hakuna kitu. Nimechomwa sindano za duka la dawa mpaka nimechoka. Nikikohoa ndiyo kabisa

Fizio_wa_Tudor

Mguu wako mzima, ndugu yangu. Ndiyo maana eksirei haikuona kitu. Njia uliyoielezea ni njia ya S1 kama mtu kaichora kwa kalamu. Neva kubwa ya mguu, ile ya sayatiki, inaundwa na L4 mpaka S3 na ndiyo nene kuliko zote mwilini, lakini mzizi unaobanwa uko kiunoni. Baina ya pingili kuna diski, ina kiini laini katikati na pete ngumu nje, ukiinama na gunia na kujipinda pete inaweza kupasuka nyuma kidogo pembeni na kiini kikasukuma mzizi unaopita. Diski baina ya L4 na L5 mara nyingi hubana mzizi wa L5, na ile ya L5 na S1 hubana S1. Ukikohoa shinikizo la ndani linapanda, ndiyo umeme unazidi.

Jaribu hivi. Simama mguu mmoja wa kushoto unyanyuke kwa vidole mara kadhaa. Ukishindwa na kulia unaweza, hiyo ni S1 imedhoofika. Mwenye L5 yeye hushindwa kutembea kwa visigino na dole gumba halinyanyuki vizuri.

Habari njema ni kwamba nyingi hupoa zenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12, diski yenyewe hunywea. Usilale kitandani siku nzima, tembea. Gunia weka chini kwa sasa, najua ni rahisi mimi kusema na wewe ndiyo mkate wako, lakini angalau mbebe wawili. Wewe umeshapita miezi kwa hivyo nenda ukaonwe, si duka la dawa.

Na hii someni WOTE: mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kuhisi ganzi pale anapokalia, au mkojo umegoma kutoka au unamtoka bila habari, au miguu yote miwili inalegea, hiyo ni hospitali usiku huo huo. Mkia wa farasi umebanwa. Hapo zinahesabiwa saa, watu wanangoja wiki, wanapona mgongo na kibofu kinabaki hivyo maisha.

Mzee_Kahawa_Tungu

Na kifua kikuu cha mgongo? Zamani tulikuwa tunaona watoto wenye nundu

Fizio_wa_Tudor

Mzee umenikumbusha jambo kubwa na bado lipo sana. TB inaingia kwenye pingili, inakula mfupa wa mbele, pingili zinaporomoka mbele na ndiyo nundu, Percivall Pott aliielezea mwaka 1779. Usaha ukisukuma ugwe miguu inapooza. Mgonjwa huenda hakohoi hata kidogo, ndipo watu wanapodanganyika. Mgongo unaouma usiku na mchana, unazidi kila wiki, jasho la usiku, uzito unashuka, hiyo si ya kukandwa na mimi wala na mtu yeyote. Dawa za TB hospitali za serikali ni bure na mtu akiwahi anaweza kurudi kutembea.

Mwana_Mtwapa

Samahani nachelewa kuuliza. Shemeji yangu ni mgema, alianguka mnazi. Walimbeba kwenye tuktuk amekunjwa. Miguu haisogei tangu siku hiyo. Lakini sasa ukimkwaruza unyayo mguu unaruka wenyewe! Mama mkwe anasema anapona, daktari hasemi kitu. Na mwanzoni daktari alimtia kidole nyuma, ami yetu alikasirika karibu wapigane

Fizio_wa_Tudor

Pole sana dadangu. Nitasema ninachokijua bila kumgusa.

Ugwe si njia ya kupitisha tu, una akili yake. Ukikata habari kati yake na ubongo ile sehemu ya chini bado inafanya kazi peke yake. Ukigongwa chini ya goti na kinyundo mguu unaruka kabla ubongo haujajua, habari inaingia kwa mzizi wa nyuma, inaruka kwenye seli moja ndani ya ugwe, inatoka kwa mzizi wa mbele, L2 mpaka L4, basi. Ugwe ukiumia vibaya mwanzoni wote wa chini unazima, hata hizo ruka ruka hazipo, siku au wiki kadhaa. Baadaye zinarudi, tena kwa nguvu zaidi kuliko kawaida manake ubongo hauko tena kuzituliza. Kwa hivyo mguu kuruka ukikwaruzwa peke yake si dalili ya kupona. Sisemi hatapona. Nasema dalili tunazozitafuta ni nyingine: kusogeza dole kwa kutaka mwenyewe, na hisia.

Na hapo ndipo kile kidole. Mwambieni ami asimlaumu daktari. Neva za chini kabisa, S4 na S5, ndizo zinahudumia njia ya haja kubwa. Mgonjwa akihisi pale au akiweza kubana kidole, ina maana kuna nyuzi zimebaki nzima zinapita kutoka juu mpaka mwisho wa ugwe, na hao ndio wenye nafasi kubwa ya kurudisha nguvu. Asipohisi kabisa na asibane, ndiyo jeraha kamili. Ni kipimo cha maana kuliko vingi na hakiitaji mashine. Muulizeni daktari hilo swali kwa maneno hayo: jeraha ni kamili au si kamili, na ni usawa gani.

Wakati huo huo mgeuzeni kila saa 2, mchana na usiku. Haumwi pale anapolalia kwa hivyo mwili haumwambii ageuke, na kidonda cha kulalia kinaua watu wenye miguu iliyopooza kuliko huo mnazi. Kibofu muulizieni pia, mkojo ukijaa unarudi kwenye figo. Kuna hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo Nairobi, ombeni rufaa mapema, foleni ipo.

Kwa wengine: mtu akianguka mnazini, au kajirusha baharini maji yametoka akagonga kichwa mchangani, au bodaboda imemtupa, MSIMKUNJE. Mlalisheni kwenye mlango, ubao, chochote kilichonyooka, mmoja ashike kichwa kisizunguke, wengine wamgeuze kwa pamoja. Tuktuk si ya mgongo uliovunjika.

Mwana_Mtwapa

Shukran. Kweli nimeelewa. Kesho naenda na hayo maswali

Mwanafunzi_Makadara

Hii ya nyuzi zinazobaki nzima imenikumbusha yule mgonjwa wa nusu ya ugwe kukatwa, hali iliyopewa jina la daktari Brown-Séquard. Mbona upande mmoja unapooza na upande mwingine ndio hauhisi maumivu?

Fizio_wa_Tudor

Kwa sababu njia hazivukii mahali pamoja. Amri za misuli zinavuka juu, chini ya ubongo, zikishaingia kwenye ugwe ziko upande wake. Mtikisiko na mguso mwepesi nao unapanda upande ule ule, unavukia juu. Lakini maumivu na joto vinavuka karibu na pale pale vilipoingilia. Kwa hivyo mtu kachomwa kisu ugwe umekatika nusu ya kulia, mguu wa kulia haunyanyuki na wa kushoto unanyanyuka vizuri ila ukiumwagia chai ya moto haujui. Ubongo unaona ajabu. Na Brown-Séquard mwenyewe alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, bahari yetu hii hii, nashangaa hawatwambii darasani.

Salma_254

Ya mwisho na mimi. Nimetolewa nyongo kwa ile opereshini ya matundu madogo. Tumbo haliumi sana lakini BEGA la kulia jamani nalia. Hakuna aliyenigusa bega

Fizio_wa_Tudor

Hawakukugusa bega. Walijaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi wapate nafasi ya kuona, na iliyobaki inachokoza kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio juu ya ini. Kiwambo kinahudumiwa na neva inayotoka C3, C4 na C5, kimeshuka nayo tangu tumboni mwa mama kilipokuwa huko juu shingoni. Na ngozi ya bega ni C3 na C4 pia. Ugwe unapokea habari mlango mmoja haujui ni nani kabisha, unakwambia bega.

Nyanyuka tembea kidogo kidogo, siku mbili tatu itakuwa imekwisha. Ikija na homa, tumbo kuwa gumu au pumzi kukata, rudi ulikopasuliwa leo leo usingoje tarehe ya kutoa nyuzi.

Salma_254

Sawa natembea. Nilikuwa nishamtuma mtoto anunue mafuta ya kuchua bega